Uzi: Ile nyota kali ya kusini si moja, ni tatu, na kila moja ina jina lake

FundiWaBoti (Kalangala)

Habari zenu wana jukwaa. Mimi ni fundi wa injini za boti huku visiwani, Ziwa Viktoria. Wavuvi wa mukene, yaani dagaa, hutoka usiku wa giza, siku ambazo mwezi haupo, maana samaki hufuata taa, na mwezi ukiwaka taa hazifui dafu. Injini ikizima katikati ya ziwa, mimi ndiye ninayeitwa. Nimekesha mara nyingi ndani ya boti nikingoja injini ipoe, na ukiwa pale huna cha kutazama ila maji meusi na nyota.

Kuna nyota ya kusini ambayo wavuvi wote huku wanaijua kwa macho. Kuanzia Mei hadi Agosti, giza likishaingia, utaiona juu ya ziwa pamoja na jirani yake, mbili kali zilizokaribiana, upande wa kushoto wa Salibu, ule msalaba wa kusini. Ile ya kushoto kabisa, iliyo kali kuliko jirani yake na yenye umanjano kidogo, ndiyo ninayotaka tuizungumzie. Vitabu vingi huiita Alpha Centauri. Kwa Kiswahili imeandikwa Rijili Kantori.

Mwaka jana nilinunua darubini ya mtumba Kampala, lenzi yake milimita 70. Muuzaji aliniapia kwamba ni nzima. Nilipoifungua kisiwani nikakuta mguu mmoja wa stendi umepasuka. Niliufunga kwa mpira wa tyubu ya pikipiki, nikaisimamisha ufukweni kwenye mchanga mgumu, nikaielekeza kusini. Mwanzoni niliona kitu kimoja kinachochemka kama uji. Joto la mchana lilikuwa bado linapanda kutoka mchangani, na wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi walikuwa wanatua kwenye lenzi mmoja mmoja. Nikafuta, nikangoja. Kama saa tano hivi hewa ikatulia, na kile kitu kimoja kikaachana. Nukta mbili. Moja kubwa, nyeupe yenye umanjano. Ya pili imeibana ubavuni, hafifu zaidi, rangi ya papai bivu. Katikati yao uwazi mwembamba mweusi kama ufa wa mlango.

Nilitoa jicho, nikatazama kwa macho matupu: nyota moja. Nikarudi kwenye darubini: mbili. Nilifanya hivyo labda mara kumi. Kijana anayenisaidia kazi alipotazama hakusema neno kwa muda, kisha akauliza, "Na hii nyingine inaitwaje?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nisome mpaka leo, na ndilo lililoleta uzi huu. Tunasema "Alpha Centauri" kana kwamba ni jina la mtu mmoja, kumbe ni jina la ukoo. Nyota ni tatu. Ile kubwa inaitwa Rigil Kentaurus. Ile ya rangi ya papai inaitwa Toliman. Ya tatu, ambayo hakuna jicho la mtu linaloweza kuiona bila darubini, inaitwa Proxima Centauri, na hiyo ndiyo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua. Majina haya yalipitishwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia: mawili mwaka 2016, na Toliman mwezi Agosti 2018. Waliamua kabisa kwamba jina rasmi ni la nyota moja moja, si la kundi zima. Kwa hiyo ukisema Rigil Kentaurus, kwa haki umetaja ile kubwa peke yake.

Karibuni tuzungumze. Mwenye kujua zaidi aongeze.

MamaShamim (Bombo)

Asante fundi. Mwanangu yuko P.6, darasa la sita, na kwenye daftari lake ameandika kwamba nyota ya karibu kuliko zote ni Alpha Centauri. Mimi nilijua ni Jua. Sasa wewe unasema Proxima. Nimwambie nini asije akakosa kwenye mtihani?

Halafu hayo majina ni ya lugha gani? Hilo la Rigil linanikumbusha kitu cha madrasa lakini sikipati.

FundiWaBoti (Kalangala)

Mama Shamim, mwambie hivi: Jua ni nyota, nalo ndilo la kwanza kwa ukaribu. Baada ya Jua ni Proxima, miaka 4.24 ya nuru; mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja. Kisha Rigil Kentaurus na Toliman, zote mbili miaka 4.37 ya nuru. Aliyesema Alpha Centauri hajakosea sana, maana Proxima ni mtoto wa nyumba hiyo hiyo, lakini ametaja nyumba badala ya aliyekaa mlangoni.

Mambo ya Kiarabu namwachia Ustadh, najua yuko humu.

Ustadh_Mbale

Niko hapa. Mama Shamim masikio yako yako sawa. *Rijl* ni mguu kwa Kiarabu. Jina kamili ni *Rijl Qanturus*, mguu wa Kantarusi, yule kiumbe wa hadithi za Wayunani aliyekuwa nusu mtu nusu farasi. Wayunani walimchora angani na nyota hii ikaangukia kwenye wayo wake wa mbele. Waarabu walipotafsiri vitabu vyao wakauita mguu, Wazungu wakauchukua kutoka kwa Waarabu, na leo umefika Kalangala. Kile Kiswahili cha "Rijili Kantori" ni neno hilo hilo limevaa irabu zetu.

Toliman ina safari ndefu zaidi, na mimi naipenda zaidi. Asili yake ni *adh-dhulmaan*, yaani mbuni wengi. Waarabu wa kale, kabla ya kuchukua michoro ya Wayunani, walikuwa na anga lao wenyewe lenye ngamia, mbuni na vyombo vya nyumbani, na nyota za upande huo waliziona kama mbuni. Mwaka 1669 huko Uholanzi kilichapishwa kitabu cha al-Farghani, mwanazuoni wa karne ya 9, kilichotayarishwa na Jacobus Golius, na neno lile likaandikwa kwa herufi za Kilatini kama Toliman. Kwa Mzungu ile *dhaa* ni mtihani. Ilivyotoka ndivyo ilivyobaki.

Kwa hiyo darubini ya fundi ilikuwa inaangalia mguu na mbuni.

Dereva_Malaba

Mbuni! Nimewaona hifadhi ya Kidepo kwa macho yangu, nilipeleka mzigo Kaabong nikazunguka. Wanakimbia hao, gari linahema. Sikujua wako na juu.

Swali langu ni la mtu wa barabara. Mnasema "karibu" halafu mnasema miaka minne ya nuru. Hiyo karibu ni karibu gani? Nipeni kwa kilomita za kwetu.

FundiWaBoti (Kalangala)

Dereva, hili nilikaa nikalipiga hesabu kwenye karatasi ya risiti ya mafuta, maana hata mimi maneno "miaka ya nuru" yalikuwa yananipita.

Chukua punje ya harage, ile ndogo, ya milimita 9. Hilo ndilo Jua. Liweke mezani Kampala. Dunia yetu itakuwa mita moja kutoka hapo, na itakuwa ndogo kuliko chembe ya unga, hutaiona. Sasa washa gari uende Mbarara. Kilomita zote zile, unapita Kayabwe pale kwenye alama ya ikweta, unapita Masaka, unapita Lyantonde, hakuna kitu. Hata harage la pili hakuna. Ukifika Mbarara ndipo utakuta maharage mawili: moja la milimita 11, ndiyo Rigil Kentaurus, na lingine la milimita 8, ndiyo Toliman. Yameachana kama urefu wa lori lako, mita 11, yanapokaribiana; na yakiachana sana hufika mita 36 hivi.

Na Proxima? Hiyo ni punje ya ulezi, milimita moja na nusu, iko kilomita 13 nje ya Mbarara kwa upande wa kuja kwetu. Punje ya ulezi kilomita 13 kutoka kwenye maharage mawili, na bado inayazunguka. Nilipoandika hesabu hiyo niliiweka kalamu chini.

Dereva_Malaba

Fundi umeniua. Kampala Mbarara naijua usiku na mchana. Kila nikipita Lyantonde sasa nitakuwa nawaza hapa ni patupu.

Mwl_Fizikia_Kasese

Nimefurahi kuona uzi huu. Ninafundisha fizikia, na wanafunzi huniuliza kila mwaka: mtu anapimaje uzito wa nyota ambayo hajaifikia? Mfumo huu ndio mfano bora, kwa sababu hesabu yake inaingia kwenye mistari mitatu.

Nyota mbili kubwa zinazungukana kwa karibu miaka 79.8. Njia yake si duara, ni yai. Zikikaribiana kabisa umbali wake ni mara 11.2 ya umbali wa Dunia na Jua, yaani mbele kidogo ya ilipo Zohali. Zikiachana ni mara 35.6, kupita Neptuni. Wastani wa hizo mbili ni 23.4. Kanuni ya Kepler, ile ya mizunguko ya angani, inasema: chukua wastani huo, uzidishe wenyewe mara tatu, chukua miaka ya mzunguko, uizidishe yenyewe mara mbili, gawanya ya kwanza kwa ya pili. 23.4 × 23.4 × 23.4 inatoa kama 12,800. 79.8 × 79.8 inatoa kama 6,370. Gawanya: karibu 2. Maana yake nyota hizo mbili kwa pamoja zina uzito wa majua mawili. Vipimo vya kina vinasema Rigil Kentaurus ni 1.08 ya Jua na Toliman ni 0.91. Jumlisheni muone.

Napenda wanafunzi wafanye wenyewe ubaoni. Wakipata 2 huwa kunakuwa na ukimya wa aina yake darasani.

Na mambo mengine ya umbo lao: Rigil Kentaurus ni ya jamii moja na Jua letu, G2. Joto la uso wake ni kama nyuzi 5,500 za selsiasi, sawa na Jua. Kipenyo chake ni mara 1.22 ya Jua na inatoa mwanga mara moja na nusu. Toliman ni ya jamii ya K1, joto lake linakaribia nyuzi 5,000, na mwanga wake ni nusu ya Jua. Ndiyo maana fundi aliona rangi ya papai: nyota ikipoa rangi huelekea uwekundu, kama chuma cha mhunzi kinavyotoka kwenye weupe kwenda kwenye njano na nyekundu.

FundiWaBoti (Kalangala)

Mwalimu, hapo kwenye chuma umeniingia. Ninachomelea kila wiki na rangi hiyo naisoma kabla sijagonga nyundo. Sikuwahi kufikiri kwamba kusoma joto la nyota ni kazi ile ile.

KijanaWaJinja

Samahani wakubwa. Mimi nina programu ya nyota kwenye simu, na juzi niliielekeza kusini ikanionyesha Proxima. Nikatazama nikaiona, nyota ndogo nyekundu kidogo karibu na ile kubwa. Kwa nini fundi anasema haionekani?

Mwl_Fizikia_Kasese

Ulichokiona ni nyota nyingine, kijana wangu, na usijilaumu, eneo lile limejaa nyota za Njia Nyeupe. Jicho zima, usiku wa giza totoro, hufikia daraja la mwangaza la 6; namba ikipanda, nyota ni hafifu zaidi. Proxima iko daraja la 11. Tofauti ya madaraja 5 ni mara 100 kamili, kwa hiyo ingepaswa kuwaka mara 100 zaidi ndipo uanze kuihisi. Tena haiko ubavuni mwa wenzake. Angani imeachana nao kwa nyuzi 2.2, karibu upana wa miezi minne mipevu ukiipanga mstari. Programu yako inakuonyesha mahali ilipo. Kuiona ni jambo jingine.

Ndiyo maana ilichelewa sana kujulikana. Robert Innes aliigundua mwaka 1915 huko Johannesburg kwa kulinganisha picha za anga zilizopigwa miaka tofauti, akaona nukta moja hafifu imehama, tena imehama kwa kiasi kile kile cha ile kubwa. Baadaye ndiye aliyependekeza aitwe Proxima, Kilatini cha "aliye karibu zaidi". Nyota ya karibu kuliko zote, iligunduliwa na mtu aliyekuwa Afrika. Hilo wanafunzi wangu huwa wanalipigia makofi.

Nakato_Entebbe

Mimi hapo kwenye "inayazunguka" ndipo ninapokwama. Punje ya ulezi kilomita 13 mbali, nani kathibitisha kwamba imefungwa kwao na haipiti njia tu? Mtu anaweza kutembea sambamba na msafara wa harusi na asiwe mwalikwa.

FundiWaBoti (Kalangala)

Dada Nakato, swali lako ndilo lililosumbua wataalamu karibu miaka 100. Tangu 1915 walijua zinasafiri pamoja, lakini kusafiri pamoja si kufungwa pamoja, kama ulivyosema. Ilitakiwa kupima mwendo wa Proxima kuja kwetu au kutukimbia, na nyota hafifu namna ile hupimika kwa taabu. Walipopata kipimo safi, mwishoni mwa 2016, ilionekana mwendo wake ukilinganishwa na wa wenzake ni mdogo kiasi kwamba mvuto wao unaishika. Mzunguko mmoja huchukua kama miaka 550,000.

Ni mwalikwa, dada. Amekaa viti vya nyuma kabisa.

Nakato_Entebbe

Nimeridhika. Na umri je?

Mwl_Fizikia_Kasese

Takriban miaka bilioni 5, wazee kidogo kwa Jua letu. Lakini Proxima ndiye atakayewazika wote. Ni kibete chekundu, yaani nyota ndogo yenye mwanga hafifu mwekundu: uzito wake ni 0.12 tu ya Jua, na huo mdogo umebanwa kwenye kipenyo cha 0.15, kwa hiyo msongamano wake ni zaidi ya mara 30 ya Jua. Inaunguza akiba yake kidogo kidogo. Jua litakwisha, Rigil Kentaurus itakwisha, yenyewe itakuwa bado inawaka kama jiko la makaa lililofunikwa majivu.

Ila si mpole. Hulipuka mara kwa mara na kutoa miali mikali ghafla.

Dereva_Malaba

Na watu je? Nasikia kuna sayari.

Mwl_Fizikia_Kasese

Sayari ipo, watu hatujui. Mwezi Agosti 2016 ilitangazwa sayari inayoizunguka Proxima kwa siku 11.2, mwaka wake ni siku 11 za kwetu. Uzito wake ni angalau kama wa Dunia, au zaidi kidogo. Iko umbali ambao maji yangeweza kubaki maji, lakini kwa sababu Proxima ni hafifu, umbali huo ni karibu mno, kama sehemu moja ya 20 ya umbali wetu na Jua, na ile miali inaipiga usoni. Mimi binafsi sitii moyo wa kuwakuta watu pale. Mwaka 2022 ilitangazwa nyingine ndogo zaidi, ya siku 5. Na mwaka 2025 darubini ya anga ya James Webb ilionyesha dalili ya sayari kubwa ya gesi karibu na Rigil Kentaurus yenyewe. Hiyo bado ni dalili: ilionekana mara moja, walipotazama tena hawakuikuta, na inawezekana ilikuwa imeingia karibu mno na nyota yake. Tusubiri.

MzeeOkello (Gulu)

Nimesoma yote tangu juu. Vijana mnafanya kazi nzuri. Ninataka kujua huyo wa kwanza kabisa aliyepima umbali, alipimaje? Hakuna kamba inayofika huko.

FundiWaBoti (Kalangala)

Mzee Okello, shikamoo. Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, funga jicho la kushoto, kisha fumbua na ufunge la kulia. Kidole kitaruka mbele ya ukuta. Kadiri kidole kilivyo karibu ndivyo kinavyoruka sana. Wataalamu hufanya hivyo hivyo, ila jicho moja ni Dunia ikiwa mwezi wa kwanza na jicho la pili ni Dunia ikiwa mwezi wa saba, upande wa pili wa Jua. Wanaita paralaksi.

Thomas Henderson, Mskoti aliyekuwa karani wa sheria kabla ya kuingia kwenye nyota, aliipima nyota hii akiwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, mwaka 1832 na 1833. Kuruka kwenyewe ni kudogo kuliko akili inavyokubali: kama upana wa harage la sentimita moja likiwa karibu kilomita moja na nusu mbele yako. Alirudi kwao na daftari zake, akaogopa kwamba amekosea, akachelewa kutangaza. Mjerumani Friedrich Bessel akatangaza umbali wa nyota nyingine mwaka 1838, na Henderson akatoa yake Januari 1839. Alikuwa na jibu mkononi muda wote ule. Kila nikisoma habari zake huwa namwonea uchungu kama vile ni jirani yangu.

Na kwamba ni mbili, hilo lilionekana mapema zaidi. Desemba 1689 padri Jean Richaud, akiwa Pondicherry India, alikuwa anafuatilia nyota yenye mkia, darubini ikapita pale, akaona zimeachana. Bila kutafuta.

MzeeOkello (Gulu)

Marahaba. Nimefanya hiyo ya kidole hapa nje, wajukuu wote sasa wanafanya.

Ustadh_Mbale

Jambo moja tusilisahau sisi tulio kwenye ikweta. Mwezi Juni saa tatu usiku, ukishaitazama Rijili Kantori kusini, geuka nyuma yako. Kaskazini utaona nyota saba za Dubu Kubwa. Ya pili kutoka ncha ya mkia ni Mizar, na pembeni yake kuna ndogo, Alcor. Waarabu waliita hiyo ndogo *Suha*, iliyosahaulika, wakaitumia kupima macho. Wana msemo: namwonyesha Suha, ananionyesha mwezi. Mizar ukiitia darubini inaachana kuwa mbili, na kila moja ya hizo ni mbili tena, na Suha nayo ni mbili. Sita kwa jumla. Watu wa Ulaya hawaioni Rijili hata kidogo, watu wa kusini kabisa hawaioni Mizar. Sisi tunasimama mahali pamoja tunageuza shingo.

MamaShamim (Bombo)

Ustadh, mimi nina hoja kuhusu majina. Kwa nini tusimwambie mtoto kwamba ile ndogo inaitwa Mbuni? Toliman kwake ni neno tupu. Mbuni anamjua.

Ustadh_Mbale

Mimi naona hapana. Jina ni historia. Ukiliita Mbuni umefuta al-Farghani, umefuta Golius, umefuta safari yote. Na mtoto akienda kusoma mbele atakuta dunia nzima inasema Toliman, atakuwa mgeni.

Mwl_Fizikia_Kasese

Na mimi niko na Mama Shamim. Rijili Kantori tumeivalisha Kiswahili na historia haikufutika. Hizi nyota wavuvi wa Kalangala wanazitazama kuliko watu wa Uholanzi.

FundiWaBoti (Kalangala)

Mimi nitasema ninachofanya. Kwenye daftari langu naandika Toliman, maana ndilo jina lililopitishwa na nataka niheshimu kazi ya watu. Kijana wangu wa kazi akiuliza, namwambia Toliman, yaani mbuni, na namweleza ilikotoka. Halafu yeye mwenyewe huiita Mbuni. Simkatazi.

Kwa wanaotaka kutazama: mwishoni mwa Juni, saa tatu usiku, simama ukiangalia kusini, mahali pasipo taa. Nyoosha mkono, pandisha ngumi tatu kutoka kwenye upeo. Hapo ndipo inapofika juu kabisa kwetu, haipandi zaidi. Jirani yake wa kulia mwenye weupe wa bluu ni Hadar. Huyo si ndugu, yuko miaka karibu 400 ya nuru, amekaa tu upande huo wa anga. Darubini ya milimita 60 inatosha kuzitenganisha zile mbili, mradi ikuze mara 50 au zaidi na stendi isitikisike. Tangu 2016, zilipoonekana zimebanana, zinazidi kuachana kwa macho yetu, kwa hiyo miaka hii ndiyo ya kutazama. Baadaye zitaanza kubanana tena, na mwaka 2035 zitakaribiana kweli kwenye njia yao, mara ya kwanza tangu 1955.

KijanaWaJinja

Nimeazima darubini ya shule. Jana usiku, juu ya paa la nyumba ya mjomba, upande wa mtoni. Mwanzo ilikuwa inachemka kama fundi alivyosema. Nikangoja mpaka saa nne na nusu.

Banange, ziko mbili.

Mjomba ameshuka kumwamsha mama.

MamaShamim (Bombo)

Na ile ndogo umeiona rangi yake?

KijanaWaJinja

Papai.